Mzizi wa Mlangoni

Mkwe wangu anakata mizizi ya mfenesi tangu asubuhi. Mimi nimekaa barazani nimejiziba pua kwa upindo wa kanga, naye anadhani ni vumbi. Mara mbili amekuja kuninyunyizia maji chini ili vumbi litulie, mtoto wa watu. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba mzizi wa mfenesi ukikatwa mbichi hutoa harufu yake, tamu na chachu pamoja, na harufu hiyo ikinifikia mimi huwa na miaka minane tena na nimemuua baba yangu?

Ana haki ya kuikata. Mizizi imepasua sakafu ya baraza aliyonijengea kwa mikono yake, na juzi wajukuu wawili wameng'oka kucha. Mama yangu yumo ndani, kitandani kwake cha kamba, macho yamekwisha zamani. Kila shoka likipiga namsikia anageuka. Hajauliza kinachokatwa. Mama si mtu wa kuuliza.

Wenzangu wa rika langu, mliokula ndiga, viazi vile vichungu vya porini, mwaka ule wa njaa mkashukuru, nyinyi hamhitaji kuelezwa vita vya maji. Haya nayasema kwa sababu ya mzizi mmoja tu, ule uliopita mbele ya mlango wetu hapa Mtawanya. Mpaka leo kisiki chake kipo, nikitoka mlangoni hatua mbili nakikanyaga kwa kisigino.

Mfenesi huu aliupanda babu mzaa baba. Nilipopata akili mizizi yake ilikuwa juu tayari. Kwetu ua ndio uso wa nyumba, na mwanamke aliyekutwa na jua hajafagia alisemwa mpaka kisimani. Basi tulifagia kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa, na kila ufagio uliondoka na udongo kidogo, na kila masika yaliondoka na udongo mwingi. Mizizi ikatoka. Mkubwa kuliko yote ulipita hatua mbili kutoka mlangoni, umejiinua kama kizingiti cha pili. Sisi wa nyumbani tuliuvuka bila kuutazama. Wageni ndio walikiona cha moto, na bibi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu: "Hapa kwetu mgeni hapigi hodi kwa mdomo, hupiga kwa kidole gumba!"

Baba hakukubali hata siku moja mzizi ukatwe. "Mzizi haukatwi, hufukiwa," ndivyo alivyosema. Kila masika yakiisha alikwenda kubomoa kichuguu kule nyuma ya shamba, akaleta udongo mwekundu kwa pakacha, akaumwagia maji, kisha akaniita. Kazi ya kukanyaga ilikuwa yangu. Nilicheza ngoma juu ya udongo ule mpaka magoti yakawa mekundu, baba ananipigia makofi, bibi anapiga vigelegele kutoka jikoni. "Mke mwenzangu huyo!" alikuwa akisema. Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mimi nilijiona mke wa babu kweli kweli, ingawa babu nilimkuta kaburini.

Mwaka ule baba hakufukia mizizi. Siku zake zote zilikwisha kwenye shamba la pamba la jumbe. Alitoka jua halijatoka akarudi jua limezama, akalala kifudifudi, bibi akampaka mafuta ya ufuta mgongoni. Mgongo ulikuwa na michirizi mirefu. Mimi nilijua pamba ina vikonyo vinavyochoma, kwa hiyo nilidhani pamba ndiyo iliyomkwaruza. Nikamwuliza kwa nini anachuma kwa mgongo. Bibi akasonya, akaniambia nikatazame kuku.

Kisha akaja baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Kwa asili baba alikuwa mtu wa milimani, Mmatumbi, aliyeletwa huku na babu na bibi, akaoa kwa Wandengereko na kubaki. Baba mdogo alibaki kule kwao. Alikuja na kibuyu cha maji kutoka Ngarambe, na kipande cha mwanzi shingoni, na maneno mengi. Maji yale, alisema, yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Baba akanywa, akanyunyiziwa kichwani. Nikaambiwa tena nikatazame kuku, maana walitaka kusema miiko. Miiko ya watu wazima sikuisikia. Ule wa nyumba niliusikia, kwa sababu baba mdogo aliusema kwa sauti, wote tumesimama uani, asubuhi ile walipoondoka.

"Nyuma yetu hapafagiliwi," alisema. "Wala chuma kisiguse udongo wa ua huu. Jembe na shoka vifanye kazi huko huko shambani. Chuma kikigusa udongo wa kaka, chuma kitamgusa na yeye. Mmesikia?"

"Tumesikia," tukajibu.

Baba akainama, akanishika kidevu. "Nikirudi tutafukia mizizi. Miguu yako uiweke tayari." Kisha akauvuka mzizi wa mlangoni, na bibi akaufunika unyayo wake wa mwisho kwa kigae cha chungu. Watu wakituuliza, tuliambiwa tuseme amekwenda delta kukata boriti za mikoko. Askari wa Wadachi walikuja mara mbili, na mara zote mbili bibi alisema boriti, boriti, mikoko, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumwona baba ndani ya tope la delta, maji yamemfika kiunoni.

Ua ukakaa bila kufagiwa. Nyinyi mnaolijua jani la mfenesi mnajua lilivyo nene, halipeperuki wala halisagiki. Yakaanguka, yakalala moja juu ya jingine, na mizizi yote ikapotea chini yake. Majirani walipita wakitazama pembeni kwa aibu yetu.

Pamba ilikuwa bado mitini siku baba mdogo aliporudi peke yake. Hili la pamba lishikeni. Ilikuwa saa za alasiri, amebeba mzigo wa nyasi za kuezekea kichwani kama mtu yeyote wa njiani, na uso ameufunika kwa nyasi zile. Alizungumza na bibi nyuma ya jiko, hakukaa. Alipopita mbele yangu nilimwamkia. Hakuitikia, nikakasirika.

Siku ile bibi akaanza kuumwa jino. Alijifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, akalala siku tatu amegeukia ukuta. Nilikwenda kwa jirani kumwombea karafuu, bibi akazishika mkononi hakuzitia kinywani. Mama naye macho yakamvimba. Alisema ni kuni mbichi, moshi umezidi. Mimi nikawa naokota kuni kavu kavu, moja moja, nazipiga jiwe nisikie mlio, ili mama asipate moshi. Ujinga wa mtoto! Hata sasa nikikumbuka zile kuni nasikia haya.

Vuli ya kwanza ikanyesha. Mama alikuwa na tumbo limeanza kuonekana, akatoka kisimani na mtungi kichwani. Majani yalikuwa yameloa, yanateleza, na mzizi uko chini yake kama mwizi. Nilimwona anajikwaa. Mtungi ukaenda upande wake, mama upande wake. Alikaa palepale kwenye maji, mikono yote miwili tumboni, midomo myeupe, akinitazama bila kuniona. Nilipotaka kupiga kelele alisema, "Usimwambie bibi yako. Nipe mkono."

Usiku mzima alikuwa akiugua polepole. Asubuhi akaenda shamba vilevile, na akatoka akipapasa majani kwa mguu kama kipofu. Hapo ndipo nilipoamua. Sikuwa nimesahau mwiko, msije mkasema nilisahau. Niliukumbuka neno kwa neno. Lakini baba alikuwa mbali, mahali fulani penye mikoko au penye vita, na mama alikuwa hapa, na kesho angepita tena mlangoni na tumbo lake. Nikajiambia kwamba nitaukata mzizi wenyewe tu, shoka lisiguse udongo. Nikaweka gome la mti chini ya mzizi. Mtoto wa miaka minane, na nilifikiria hivyo.

Kishoka cha baba kilikuwa kizito. Nilikata, nikapumzika, nikakata. Ndani mzizi ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai, na utomvu mweupe ukatoka, ukanirukia mikononi. Harufu ikanijaa puani. Pigo la mwisho lilipita mzizi, likapita gome, kishoka kikazama kwenye udongo mpaka mpinini. Nikakitoa, nikafunika mahali pale kwa majani. Nilikuwa nikisema "samahani, samahani," sijui namwambia nani.

Mikono haikukubali kusafika. Niliosha kwa maji, nikasugua kwa majivu, kisha kwa mchanga. Utomvu ukazidi kushika, ukakamata uchafu, vidole vikawa vyeusi vimegandana. Mama aliporudi nilikuwa nimeificha mgongoni. Aliivuta, akaitazama, akaenda mlangoni na kufunua majani kwa mguu. Kisha akaleta kichupa cha mafuta ya ufuta, akakaa chini, akaniweka katikati ya miguu yake na kunisugua kidole kimoja kimoja mpaka utomvu ukalainika na kutoka. Mikono yake ilikuwa ya moto. Sijapata kupendwa na mtu kama nilivyopendwa saa ile, na nawaambieni nimezeeka sasa.

"Mama," nikamwuliza, "baba atapigwa na chuma?"

Mikono yake ikasita. Kisha ikaendelea. "Tunyamaze," alisema.

Haukupita mwezi, wazee watatu wa ukoo wa baba wakashuka kutoka milimani pamoja na baba mdogo. Walikuja mchana kweupe, wakatandikiwa mkeka. Walisema kwamba ndugu yao amekufa vitani kwa risasi ya kifua. Bibi akalia, mama akalia, na mimi nilisimama nyuma ya jiko, nimeificha mikono kwapani. Hawakuja kwa msiba peke yake. Walikuja kuuliza. Mkubwa wao, mzee mwenye jicho moja, alisema maji ya Ngarambe hayakosei ila mwiko ukivunjwa, na yule aliyekufa alinyweshwa na ndugu yake mwenyewe. Basi ama dawa ya ndugu ni ya uongo, ama nyumba hii imevunja mwiko. Baba mdogo alikuwa ameinama, jasho linamtoka.

Kisha wote wakamtazama mama. Wakatazama tumbo. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, wakinong'onezana majina ya miezi. Mimi nilidhani wanahesabu watu watakaokula, nikawaza kwamba mhogo hautatosha. Nimekuja kuelewa nikiwa mke wa mtu. Walikuwa wanahesabu kama mimba ile iliingia kabla ya maji kunywewa au baada, maana mume aliyekunywa alikatazwa kumgusa mke. Ingekuwa baada, mama angerudishwa kwao na matusi mgongoni, na mtoto asingekuwa na baba wala ukoo.

"Bado nahesabu," alisema yule wa jicho moja, "na hesabu hainikai."

Bibi akafuta machozi. Akainuka, akachukua mwiko wa kusongea ugali, akaenda mlangoni na kuyasukuma majani.

"Acheni kumtazama mke wa mwanangu," alisema. "Tazameni hapa."

Wakaja wakainama. Kisiki cha manjano kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na kando yake ufa wa kishoka kwenye udongo, wazi kabisa. "Nani?" wakauliza. Bibi hakusema mke mwenzangu. Alisema, "Mtoto." Nikaitwa, nikaonesha mikono. Kwenye mizizi ya kucha utomvu mweusi ulikuwa bado.

"Nilikata kwa sababu mama ali—"

"Nyamaza!" alisema mama. Alikuwa anamenya mhogo wa wageni. Hakuinua uso, na kisu hakikusimama.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wao walimpa mtoto. Mtoto hapewi talaka wala hafukuzwi kwenye ukoo wake, na mtoto hana mdomo. Nilinyolewa, nikaogeshwa mtoni kwa majani machungu, nikakatazwa kulia matanga ya baba yangu, kwa maana aliyeua halii. Kisha nikachukuliwa Mbwara kwa shangazi. Mama alinifungia mihogo miwili kwenye kitambaa. Bibi hakutoka nje.

Mbwara niliitwa Kishoka. Shangazi alianza, watoto wakapokea. Njaa ilipoingia, Wadachi walipochoma maghala na watu wakageuka kuchimba ndiga, mimi sikuruhusiwa kushika jembe la kuchimbia. Nilipewa kazi ya kuziloweka kijitoni siku kwa siku mpaka sumu itoke, na asiyejua asidhani ni kazi nyepesi. Kule kijitoni nilikuwa nikimwomba baba radhi. Nilimweleza habari za mtungi, na tumbo la mama, na gome nililoweka chini. Nilitaka ajue kwamba niliweka gome. Habari zikaja kwamba mdogo wangu amezaliwa masika, mvulana, na baadaye kwamba amekufa kabla hajaota meno. Maziwa ya mama yalikauka. Nikajua na huyo nimemuua mimi.

Miaka mingi ilipita. Niliolewa, nikazaa, na wakwe zangu kila mara walinificha shoka kwa mzaha ambao haukuwa mzaha. Siku moja baba mdogo akaja kwangu, mzee, kifua kimembana, amekuja kuomba radhi kabla hajafa. Alikunywa uji nusu bakuli. Kisha akasema kwamba baba aliuawa siku ya kwanza kabisa. Hakufika hata kurusha mshale. Yeye mwenyewe alikuwa kando yake.

"Siku ya kwanza lini?" nikauliza.

"Nilikuja na nyasi kichwani kumwambia bibi yako. Hukumbuki? Pamba ilikuwa bado mitini."

Nilikuwa nimeshika ungo wa mchele. Nikauweka chini. Pamba mitini, na mimi niliukata mzizi vuli imenyesha. Baba alikuwa ardhini miezi mitatu wakati mimi natafuta gome la kuweka chini ya shoka.

"Tungefanyaje?" alisema. "Tungeweka matanga, askari wangejua hii ni nyumba ya nani wakaichoma. Tukanyamaza. Baadaye wazee wakataka mkosaji. Wangenishika mimi na dawa yangu, au mama yako na mimba yake. Bibi yako akachagua. Mtoto husahau, alisema." Akakohoa. "Na maji yale yalikuwa maji tu, mwanangu. Niliyachota mwenyewe mara ya pili kibuyu kilipokwisha."

Nilimwuliza jambo moja tu. "Mama alijua?"

Alitazama bakuli. "Nilipokuwa nasema na bibi yako, mama yako alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko."

Nilimpa radhi yake, kwa sababu alikuwa anakufa na mimi si mnyama. Bibi alikwisha kufa, wa kumwuliza hayupo. Mama nilimchukua mimi, nikarudi kukaa naye hapa uani kwetu, namlisha, namwogesha, namgeuza. Majirani wananisifu, ati mtoto wa kike ndiye mtoto. Sijamwuliza. Naye hajasema. Mwenye kovu usidhani amepoa, na sisi tunalala chumba kimoja tukiwa na kovu moja.

Sasa hivi mkwe wangu ameniita nishike ncha ya mzizi auvute. Nimeushika kabla sijafikiri. Utomvu umenijaa viganja vyote viwili. Nimeingia ndani kutafuta kitambaa, na mama ameinua pua, akanusa.

"Umeshika mfenesi," amesema.

"Nimeshika."

Amepapasa chini ya mto wake, akatoa kichupa chake cha mafuta anachojipaka magoti. Amemimina kiganjani, akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu. "Njoo nikutoe, mwanangu. Kaa hapa."

Nilisimama. Mafuta yalikuwa yanapita kati ya vidole vyake, yanadondoka kwenye mkeka. Nilingoja aongeze neno. Nimengoja tangu nina miaka minane, ningengoja hata kidogo zaidi. Hakuongeza.

"Nitanawa mwenyewe, mama," nikasema.

Nikatoka nikaenda kwenye mtungi. Nimekuwa hapa muda sasa, namimina na kusugua, namimina na kusugua, na najua tangu utoto kwamba utomvu wa mfenesi hautoki kwa maji.